Muswada wa Kigoda cha Bibi

Jumatatu, 2 Machi

Nimefika ofisini wa kwanza. Kwa kuwa nalala humo humo, chumba cha nyuma cha makaratasi, hakuna anayeweza kunishinda. Digrii kaja baada yangu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Digrii, jina nililompa mimi, ni msaidizi wa utafiti wa mjomba wangu. Mimi ni msaidizi wa mjomba, basi, bila utafiti. Mjomba ni mbunge. Nafungua mlango, napanga viti, napokea simu, nawaambia watu Mheshimiwa yuko kikaoni. Tuseme ukweli, ofisi ni mimi.

Leo amekuja dada wa kile kikundi cha raia kinachowapa wabunge alama. Begi mgongoni, sura ya msimamizi wa mitihani. Kaleta ripoti ya mjomba aikague kabla haijasomwa hadharani. Itasomwa kwenye ukumbi wa jimbo, Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, mbele ya kila mwenye masikio.

Nimeisoma kabla ya mjomba, maana ndiyo kazi ya msaidizi. Mikutano na wananchi: nzuri. Kuhudhuria vikao: nzuri sana, mjomba hakosi hata akiwa na mafua. Miswada aliyodhamini: sifuri. Kuchangia bungeni: mara moja. Hiyo mara moja aliomba dirisha lifunguliwe. Imeandikwa kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Dirisha halikufunguliwa.

Sifuri naijua vizuri. Nilikaa nayo dawati moja mpaka kidato cha pili, tukaachana pale mwalimu mkuu aliponiomba nikapumzike nyumbani. Lakini mjomba si mtu wa sifuri. Barabara ikikatika, yuko kwenye tope na viatu vya ofisini. Mgonjwa akikwama, yeye ndiye anapiga simu mpaka kitanda kinapatikana. Tatizo lake ni kipaza sauti. Akisimama mbele yake ulimi unaganda. Anatoka jasho, anasema ahsante, anakaa.

Ameisoma ripoti, akaikunja taratibu, akaniuliza kama kuna chai. Nikamletea. Hakuinywa.

Digrii anasema chama kinateua wagombea mwezi ujao, na kitu cha kwanza kinachotazamwa ni ripoti hii. Maana yake mjomba akianguka, mimi narudi kwa bibi kufagia banda la kuku. Kuku wale wananijua. Hatupendani.

Jumanne, 3 Machi

Digrii katoa dawa yake. Anataka kuandika maelezo marefu ya kwa nini sifuri si sifuri. Anasema lile dirisha linaweza kuhesabiwa kama mchango kwenye sekta ya afya. Huyu wazazi wake walimsomesha chuo kikuu kwa jasho.

Nikamwambia sifuri inaondolewa kwa kuandika kitu. Muswada. Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Eti muswada unataka upembuzi yakinifu, ushirikishwaji wa wadau na mwaka mzima. Yeye mwenyewe anao mmoja, wa mizani za sokoni, anauandaa tangu mjomba achaguliwe. Bado yuko kwenye utangulizi. Nikamuuliza kama wauzaji wa sokoni wamesimamisha biashara wakimsubiri. Hajanisemesha tena. Ofisi imetulia, kazi inakwenda.

Nikafungua kabati. Miswada ya wabunge wengine imejaa humo, wasomaji wake ni buibui. Nimechomoa mmoja uwe mfano. Siri ya sheria nimeielewa papo hapo: unaanza na "kwa kuwa", halafu kila ukichoka unaweka "bila kuathiri". Katikati unajaza.

Swali likabaki, nijaze nini. Nikampigia dada wa kikundi, kijanja, nikamuuliza wao huwa wanapenda miswada ya aina gani. Ya uwajibikaji, akasema. Nikamwomba anifafanulie uwajibikaji, kwa niaba ya mtu mwingine asiyejua. Akasema ni kiongozi kukubali kuulizwa na wananchi, na kuwajibu ukweli.

Nilikata simu nikicheka peke yangu. Kumbe ndiyo hiyo tu? Kwetu jambo hilo lina jina fupi zaidi. Tunaliita kigoda cha bibi.

Ijumaa, 6 Machi

Siku kubwa katika historia ya sheria.

Bibi, ambaye ni mama yake mjomba na mama yake mama yangu, ana kigoda cha miguu mitatu. Ukikosa katika nyumba ile, uwe mkubwa uwe mdogo, unakalishwa juu yake katikati ya ua. Kila aliyepo ana haki ya swali moja, hata mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Huinuki mpaka swali la mwisho lijibiwe. Ukidanganya, maswali yanaanza upya. Babu alikaa. Mjomba alikaa siku ile ile aliyoshinda ubunge, kwa sababu alichelewa kumpigia bibi simu. Mimi nimekaa kiasi kwamba tukikutana njiani kigoda kitanisalimia.

Basi nimeandika. Kwa mkono kwanza, halafu Digrii alipokwenda kula nikahamia kwenye kompyuta yake. Kila mbunge ataketi kigodani mbele ya wananchi wa jimbo lake kila baada ya miezi mitatu. Kigoda kitakuwa cha miguu mitatu, bila mto. Kila mwananchi atauliza swali moja. Mbunge hatainuka mpaka la mwisho lijibiwe. Akidanganya yataanza upya, bila kuathiri haki ya mbunge kwenda chooni. Hicho kipande cha mwisho ni changu. Bibi hanacho, na nimeumia.

Kusainiwa ndiko kulikokuwa rahisi. Kila Ijumaa mchana mjomba anawekewa faili la bluu mezani. Barua za rambirambi, barua za kuombea watoto shule, pongezi za kwaya. Anazisaini mfululizo, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Hasomi. Kitu cha mwisho alichokisoma ni ile ripoti, na mmeona ilivyomfanya. Nikautia muswada wangu kati ya pongezi za kwaya na maombi ya madawati.

Nilisimama mlangoni nachungulia. Kwenye karatasi zangu alikawia kidogo, nadhani kalamu ilikuwa inakata wino. Halafu akatabasamu, lakini alikuwa kwenye simu, labda kachekeshwa huko. Akasaini.

Nimeupeleka mwenyewe ofisi ya Katibu wa Bunge. Karani wa dirishani akausoma mstari wa kwanza, akanitazama, akausoma tena, akagonga mhuri. Mhuri ule ulilia kama kengele ya mapumziko.

Jumatano, 18 Machi

Muswada umechapishwa. Tumekuwa maarufu.

Asubuhi redio ilikuwa inaucheka. Mchana mtangazaji yule yule akaanza kuwauliza wasikilizaji wangependa kumuuliza mbunge wao nini, na simu zikakwama kwa wingi. Rafiki yangu kinyozi ameweka kigoda dukani kwake, mteja akimaliza kunyolewa anakaa pale wenzake wanamuuliza maswali. Anasema mmoja kaondoka analia.

Wabunge wengine nao wamepiga simu. Wa kwanza alimwambia mjomba amewavua nguo. Wa pili alitaka kujua kama hiyo "bila mto" inaweza kujadiliwa. Mjomba alitoka nje kuzungumza nao, akarudi, akasimama mbele ya meza yangu muda mrefu. Nikajiandaa kukana. Akaniuliza tu kama nimekula.

Digrii amegundua kwenye kompyuta yake. Kageuka rangi. Anasema nimetumia "bila kuathiri" mahali ambapo hakuna kinachoathiriwa. Wivu.

Alasiri mjomba kaenda kwenye mazishi. Simu ya mezani ikalia. Mnadhimu wa chama mwenyewe, yule mzee ambaye kazi yake ni kuwapanga wabunge wetu mstari mmoja kama wanafunzi. Hakusubiri salamu. Akaanza kumkaripia mjomba kupitia mimi, akidhani mimi ndiye yeye. Sasa mimi sauti ya mjomba naiweza: unaishusha, unakohoa kidogo, unasema "naam" kila anapovuta pumzi. Akasema muswada uondolewe ifikapo Jumamosi, la sivyo mtu asahau uteuzi. Nikakohoa. Nikasema naam, mzee, nitauondoa, ondoa wasiwasi. Akafurahi mpaka akaniuliza hali ya watoto.

Sijakaa vizuri, dada wa kikundi akapiga. Anasema sifuri itafutwa, ila kwa sharti moja. Wabunge wengi huzaa muswada wapate alama, halafu wanauua kimyakimya. Kwa hiyo alama itatolewa ukumbini, Jumamosi, mwenye muswada akiusimamia mbele ya watu. Akaongeza, kwa aibu kidogo, kama Mheshimiwa angeweza kukaa kigodani yeye mwenyewe siku hiyo, wa kwanza nchi nzima. Nikajibu kwa sauti yangu halali kwamba Mheshimiwa hana jambo analolitamani zaidi.

Watu wawili wamepiga simu, wote wameridhika. Ndiyo siasa hii, na sijafundishwa na mtu.

Alhamisi, 19 Machi

Kuna kasoro ndogo. Digrii ameniuliza ahadi zote mbili zinaangukia siku gani. Jumamosi. Na mnadhimu ametuma ujumbe kwamba atahudhuria mwenyewe, asikie mjomba anavyouondoa.

Digrii alikaa chini. Akasema kwa upole, na huo upole ndio uliniudhi, kwamba mjomba akiusimamia chama kitamkata, akiuondoa wananchi watamkata, na kwa vyovyote vile itabidi aongee hadharani, jambo ambalo tangu azaliwe hajaliweza. Akasema nimemmaliza mtu mwema. Nikamjibu kwamba yeye na mizani zake hajamwanzisha hata mmoja.

Lakini sikuweza kula.

Nikaenda kwa kinyozi na mpango mpya. Atakaa katikati ya ukumbi na atasimama wa kwanza. Swali lake: Mheshimiwa, unapata wapi nguvu ya kututumikia hivi? Baada ya hapo wateja wake wanne wanapiga makofi mpaka muda unaisha. Tumelifanyia mazoezi huku ananinyoa, akasahau upande mmoja. Malipo yake ni kupiga picha na mjomba, ya kutundika dukani.

Jioni nikamwambia mjomba kwamba Jumamosi, zaidi ya kusikiliza ripoti, kutakuwa na kukaakaa kidogo. Akauliza kukaa juu ya nini. Nikasema kitu kifupi. Akauliza watakuwepo kina nani. Nikasema watu. Akaitikia, sawa mpwa wangu, akaendelea kufunga kamba za viatu, akazifunga, akazifungua, akazifunga.

Halafu bibi kapiga. Amesikia redioni kwamba kigoda chake kiko bungeni na hakuna aliyemwomba ruhusa. Anakuja Jumamosi. Anakuja nacho.

Jumamosi, 21 Machi

Nimerudi sasa hivi, naandika kabla sijasahau.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mnadhimu mstari wa mbele, mikono juu ya tumbo, anatabasamu kama mwenye tiketi. Bibi viti viwili kutoka kwake, mkoba mapajani. Kigoda jukwaani. Mimi nilichagua kusimama nyuma ya pazia, maana mapazia ya ukumbi ule yanahitaji mtu wa kuyaangalia.

Mjomba akakaa. Kigoda kifupi, kipaza sauti kirefu. Kikamning'inia juu ya utosi kama bomba la kuogea. Digrii akakimbia kukishusha, kikagoma, akavuta, kichwa chake kikabaki mkononi mwake, mwili ukabaki sakafuni. Nikafumba macho.

Na mjomba akaongea. Bila chombo. Akasema karibuni, sogezeni viti, mimi sauti yangu ndiyo hii. Watu wakasogea, viti vikakwaruza sakafu, na ghafla ukumbi ukawa kama ua wa bibi.

Kinyozi akasimama wa kwanza, kama tulivyopanga. Akafungua mdomo, akafunga. Swali limemtoka kichwani. Akauliza kwa nini barabara ya dukani kwake inachimbwa kila mvua zikikaribia. Akakaa, akanikonyeza, yaani kazi imekwisha. Wateja wake wakapiga makofi kama walivyoagizwa. Mjomba akamjibu kwamba ameiandikia halmashauri na hawajamjibu, na kwamba kosa lake ni kuishia kwenye barua. Atauliza bungeni, kwa mdomo.

Mama mmoja mshona nguo akamuuliza mbona amekaa kimya muhula mzima. Mjomba akasema naogopa. Hivyo tu. Halafu akaelezea: mama, nikikiona kile kitu pale mbele nasahau hata jina la mama yangu. Bibi akamtajia kutoka mstari wa mbele. Ukumbi ukaangua kicheko, na mjomba akacheka nao, mabega yakashuka.

Ndipo mnadhimu akasimama. Akasema kwa sauti tamu kwamba Jumatano Mheshimiwa alimwahidi kwenye simu kuuondoa muswada huu. Je, yuko tayari kuwaambia wananchi sasa?

Mjomba akamtazama kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake. Akawaza. Kisha akageuza shingo taratibu, akatazama pazia. Nilikuwa naona kiatu changu kimoja kiko nje.

Akasema: mzee, sauti uliyoisikia haikuwa yangu. Lakini ilitoka ofisini kwangu, kwa hiyo kuijibu ni juu yangu. Nakuomba radhi. Siuondoi.

Watu wakaguna. Mnadhimu hakukaa. Akauliza kama huo muswada Mheshimiwa aliuandika mwenyewe. Mjomba akasema hapana, kaandika mpwa wangu, yule mwenye kiatu. Kafika kidato cha pili. Mnadhimu akacheka, akawageukia watu. Basi kausaini bila kuusoma! Huyo ndiye mnamkalisha awajibike?

Mjomba akangoja kicheko kiishe. Akasema: niliusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Nimekaa mle bungeni muhula mzima nikisubiri mtu mwenye ulimi mwepesi alete jambo kama hili, mimi niliunge mkono kwa kunyoosha mkono tu. Hakuja. Akaja huyu.

Pazia lile lina vumbi sana, liliniingia machoni yote mawili.

Mnadhimu akataka kuendelea. Bibi akamwambia, mwanangu, swali moja kwa mtu, na wewe umeshakula ya wenzako, kaa. Akakaa. Wabunge wa chama kizima wanamwogopa yule mzee, na amekalishwa na mwanamke mwenye mkoba.

Wakauliza mpaka jua likahama dirisha. La mwisho lilikuwa la bibi mwenyewe. Akamuuliza, baba, chama kikikukata, na huo muswada ukifia hukohuko, baada ya miezi mitatu utakuja kukaa hapa?

Mjomba akasema, nitakuja, mama.

Bibi akamwambia ainuke. Magoti yakalia mpaka nyuma.

Dada wa kikundi akasoma ripoti. Miswada: mmoja. Mnadhimu aliondoka bila kumpa mjomba mkono, na habari ya uteuzi hakuna anayeijua. Ofisini mjomba akaniuliza kama kuna chai. Akanywa vikombe viwili, hakuniambia neno. Hilo ndilo linanitia wasiwasi.

Jumapili, 22 Machi

Bibi hajaondoka. Wala kigoda.

Wamenikalisha kwenye ua wa ofisi tangu watu walipotoka kusali. Digrii aliuliza nani alikula kashata zake zilizokuwa kwenye droo ya meza ya kompyuta. Hata swali la maana hakuwa nalo. Kinyozi aliuliza picha yake iko wapi. Bibi aliuliza kama nilimdhania mjomba wangu mjinga. Nikasema hapana. Akanitazama. Maswali yakaanza upya. Kashata tena.

Mjomba aliuliza la mwisho. Alitaka kujua naiweza sauti ya nani mwingine. Nikasema ya mnadhimu. Akageukia ukuta, mgongo ukawa unatikisika. Alipogeuka uso ulikuwa mkavu kabisa. Akasema nisiguse tena simu ya mezani, nisiguse tena faili la bluu, na kuanzia kesho Digrii atanifundisha kuandika muswada kama watu, mimi na yeye, kila siku, meza moja. Digrii akajibu itakuwa furaha kwake, kwa sauti ya mtu aliyeshika koleo la kung'olea meno. Juma lijalo mjomba anauwasilisha muswada wangu bungeni. Muda wote wa maswali alikuwa na kijiko mkononi, amekishika kama kipaza sauti, anajizoesha.

Nikaapa mbele ya wote. Sitaigiza, sitaficha, sitachomeka. Wakaridhika wakaenda kula, wakaniacha nisubiri miguu izinduke.

Wakati nasubiri nimepata wazo, na ni zuri kuliko yote. Sheria yangu ina tundu. Inamkalisha kila mtu, haimlindi mwandishi. Nimeshaandika ukurasa wa kwanza hapa hapa juu ya goti: kwa kuwa waandishi wa miswada ni watu adimu, aliyeandika Muswada wa Kigoda hatakalishwa kigodani na bibi yeyote, mahali popote, bila kuathiri haki yake ya kashata.

Ijumaa nautia kwenye faili la bluu, chini ya rambirambi. Mjomba alisema pale ukumbini kwamba muswada aliusoma, lakini ile ilikuwa kunipamba mbele za watu. Mimi ndiye namjua. Hasomi.